Dufu Lililokwenda Herat Bila Sauti

Golandam binti Gholam-Haidar, mama yake ni Mahtab, bibi yake ni Shirin-Tala, asili yao Herat, ng'ambo ya Daraja la Malan. Shirin-Tala ndiye aliyepiga dufu kwenye harusi ya mwenye mashamba mmoja hadi farasi wa bwana harusi akakataa kuondoka mlangoni, ikabidi bwana harusi ateremke aende kwa miguu, kilemba chake na fahari zake zote. Mahtab ndiye aliyevuka mpaka wa Islam Qala kuingia nchi hii mwaka vita ilipoanza, mwana mgongoni na dufu tumboni chini ya shuka, askari wakampisha mbele wakidhani ana mimba. Naye Golandam ndiye aliyewapigia dufu la hina mabinti wa Golshahr, hapa Mashhad, tangu mtaa ulipokuwa vumbi tupu mpaka ukapata lami na maduka ya simu. Binti wa Kiherati akiolewa Golshahr bila Golandam, watu waliulizana kuna msiba gani nyumba ile.

Hayo yalisimuliwa kwa sauti. Kulikuwa na jambo jingine la ukoo huo ambalo halikutajwa ndani ya nyumba. Shirin-Tala na Mahtab hawakuishi kwa dufu peke yake. Walisuka machekeche ya ngano, wakayapakia kwenye punda, wakazunguka vijijini wakati wa mavuno wakiita mlango kwa mlango. Kule kwetu mtu anayesuka machekeche ndiye huyo huyo anayewamba madufu, kwa kuwa duara la mbao ni moja na ngozi ni moja. Na mtu huyo watu humwita harusini achezeshe vidole vyake, halafu humpa chakula chake mlangoni, karibu na viatu.

Nasim, mwana wa Golandam, alikula chakula hicho karibu na viatu alipokuwa mdogo, na hakusahau. Alipokua akawa fundi wa lipu, mikono yake ikajulikana Mashhad nzima kwa kuta laini. Siku alipoketi na wazazi wa Yunus kumwoza binti yake Parigol, wakamuuliza mama yake alikuwa mtu wa kazi gani kule nyumbani, akajibu bila kupepesa, "Mshonaji."

Golandam alikuwa nyuma ya pazia na birika la chai mkononi. Alisikia. Akamimina chai, akanyamaza. Dufu lilikuwa limetundikwa ukutani juu ya kichwa chake, nalo likanyamaza.

Kisha kikaja kiangazi kile cha kurudishwa wakimbizi.

Kwanza walichukuliwa vijana waliokuwa wakisubiri vibarua njia panda. Halafu karatasi za familia nyingi hazikuongezwa muda, na miongoni mwao karatasi za Nasim. Golandam alikuwa na kadi ya zamani, ya wale wa vita ya kwanza, na bintiye Mastura alikuwa nayo pia, ila Nasim hakuwahi kuipata. Kwa hiyo ilibidi mama abaki na Mastura, na mwana aondoke na mkewe Torfa na Parigol. Nyumba ile ilikatwa vipande viwili kama mkate.

Harusi ya Parigol ilikuwa imepangwa baada ya mavuno ya zabibu. Ikabidi iharakishwe, maana watu wa Yunus nao walikuwa wanaondoka na basi hilo hilo.

"Niingie Herat na msichana asiye na mume, na hali ya sasa kule?" Torfa alisema, akifunga sufuria kwa kamba. "Bora nimpeleke hata na kaptula tupu ya Yunus kuliko bila Yunus kabisa."

Hakuna aliyecheka sana. Kila simu ikilia watu walishtuka, na pikipiki ikisimama nje, Torfa alizima jiko.

Kilichomkosesha Golandam usingizi hakikuwa kadi. Kilikuwa dufu. Huko ng'ambo mjukuu wa dada yake aliolewa majira ya baridi ya mwaka juzi, na alipopiga simu akasema, "Bibi, tulipiga makofi kwa vidole viwili viwili, kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Mama alisimama dirishani kulinda." Walioshika nchi walikuwa wamepiga muziki marufuku. Ala walizozipata waliziwekea moto. Mpakani walifungua mizigo mpaka ndani ya magodoro. Mtu mmoja wa mtaa wa pili alirudi na habari kwamba kijana aliyekutwa na dutari, zeze la nyuzi mbili la baba yake, alipigwa nayo mpaka ikavunjika, kisha akaamriwa aokote vipande.

Na huku Golshahr ilikuwa inaisha. Waherati walikuwa wanaondoka nyumba kwa nyumba. Mikono ya Golandam ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwaka uliopita, kikombe kikigongana na kisahani chake. Akitazama ukutani aliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa. Dufu litabaki kwenye msumari kama shati la marehemu, na hapatakuwa na binti wa kupigiwa. Ng'ambo kutakuwa na mabinti tele na hapatakuwa na dufu. Na nyimbo, ambazo hakuna aliyezijua zote ila yeye, zitamfuata kaburini hapa hapa ugenini.

"Mama," Nasim alimwambia siku moja wakati wa chai, kama aliyemsoma moyo, "dufu linabaki."

"Nani kakwambia linakwenda?"

"Nimekuona unalitazama."

"Macho ni yangu, Nasim. Na ukuta umeupiga lipu wewe, sasa nitazame wapi?"

"Mama, wakilikuta hawatakupiga wewe. Watanipiga mimi mbele ya mkwe wangu na binti yangu. Nakuomba."

Mwana alisema kweli. Hakutaka dufu livuke juu ya mgongo wa mwanawe. Na hakutaka libaki. Alizunguka na mawazo hayo mawili siku nzima kama mtu aliyebeba ndoo mbili asijue pa kuzitua.

Parigol mwenyewe hakuwa akijali sana, au ndivyo ilivyoonekana. Alizaliwa hapa. Alizungumza kama wasichana wa Mashhad, akikata maneno kwa mtindo wao, na dukani alijifanya mwenyeji mpaka muuzaji aone viatu vyake. Alipokuwa mdogo bibi alijaribu kumfundisha nyimbo za hina. Akasema, "Bibi jan, maneno yenyewe siyaelewi. Zeri ni nini? Sandali ni nini? Mbona mnaimba vitu ambavyo havipo?" Lakini safari ilipokuja aliwasha simu yake akamrekodi bibi akiimba jikoni, wimbo baada ya wimbo, na bibi akajifanya hajui kuwa anarekodiwa.

Siku ya hina ikafika, mchana, kwenye chumba cha chini kwa Torfa. Walifunga madirisha, wakatundika mablanketi, joto likawa kama tanuri. Wanawake wa kwao Yunus waliingia na sinia ya hina na mishumaa, mbele yao Hajiani Monira, mama wa bwana harusi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti, aliyehiji mara moja na kuitaja mara nyingi. Alikaa mahali pa juu bila kuonyeshwa.

"Haya, Golandam," alisema, "tusikie hizo sifa zako. Lakini taratibu. Nina mume mgonjwa wa moyo huko juu na polisi wako huko njiani, sijui kipi kitatangulia."

"Nitapiga kama ninayepapasa paka, Hajiani."

Dufu lililolala siku nyingi ngozi yake hulegea, na kwa jasho la wanawake wale lililegea zaidi. Lazima lioteshwe moto kwanza, ngozi ikaze, ndipo litoe sauti. Nyumbani Herat hufanywa juu ya makaa ya tanuri, polepole, likizungushwa kama mkate. Golandam aliinuka, mikono ikamtetemeka, na Parigol, bibi harusi mwenyewe, akaruka akalipokea.

"Lete mimi, Bibi. Wewe kaa."

"Mbali na moto! Usilikaribishe."

"Najua, najua."

Hakujua. Jikoni hakukuwa na makaa, kulikuwa na jiko la gesi. Parigol alilishika dufu juu ya moto wa bluu, na hapo simu yake ikatoa mlio. Ujumbe ulitoka kwa Yunus. Basi limewahishwa, haliondoki tena Jumamosi, linaondoka kesho kutwa alfajiri. Parigol alisoma, akasoma tena, mkono mmoja na simu, mkono mwingine na dufu, na mkono ule wa dufu ukashuka.

Ngozi ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki.

Chumba cha chini kililala kifudifudi. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Wamekuja!" Mwingine alizima mishumaa kwa kiganja. Hajiani Monira alijitupa juu ya sinia ya hina kana kwamba ndiyo iliyokuwa inatafutwa, na aliposimama alikuwa amepakwa hina kutoka kidevuni hadi kitovuni.

Parigol alitokea mlangoni na dufu mkononi. Ngozi ilikuwa imechanika katikati, kingo zake zimejikunja kama midomo. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Basi ni kesho kutwa," alisema. Halafu, "Bibi, nisamehe."

Hakuna aliyejua lipi lililiwe kwanza, la basi au la dufu. Torfa alishika kichwa, akaanza kuhesabu kwa sauti vitu visivyofungwa. Na Hajiani Monira, akijifuta kidevu, hasira na aibu zimechanganyika, akasema kile kilichomjia mdomoni:

"Haya, bibi harusi, limeshakuwa duara tupu. Peleka kwenu ukachekechee ngano."

Wanawake wachache walicheka. Nasim hakuwepo, na Torfa hakuelewa. Lakini neno lile lilimpiga Golandam kifuani. Kwa pumzi moja alidhani ameshajulikana. Akamtazama Hajiani usoni, akaona hina tu na kiburi cha kawaida. Yule mama hakujua alichosema.

Golandam alichukua sinia ya shaba, akaigeuza, akaipiga kwa vidole vyake vinavyotetemeka. Sauti ilikuwa kavu, ya jikoni. Akaimba wimbo wa kupaka kiganja cha kwanza, na wanawake wakaitikia chini kwa chini, na Parigol akapakwa hina akiwa analia, jambo ambalo ni la desturi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza analia nini. Wakati wote huo bibi alikuwa akitazama lile duara tupu lililoegemea ukuta, na maneno ya Hajiani yakimzunguka.

Ndoa ikafungwa jioni ile ile kwa haraka, na kesho yake asubuhi, watu wa nyumba wakiwa mbio huku na huku, Golandam alijifungia uani. Aliing'oa ngozi iliyopasuka, akailoweka ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu mpaka ikalainika. Akatwaa kisu cha mwanawe cha kukatia mabati, akakinoa jiweni. Kisha akalipakata duara la mbao.

Upande wa nje Mahtab alikuwa amelichora maua ya bluu, mwaka ule walipofika, ili watoto waone kitu kizuri. Hakuna chekeche duniani lenye maua. Golandam aliyakwangua, moja baada ya jingine, vumbi la bluu likimwangukia mapajani. Hakulia. Alikuwa anakwangua na kutema mate pembeni, kama anayekula kitu kichungu kwa kuamriwa na daktari.

Parigol alimkuta hapo.

"Bibi, unafanya nini? Unaliharibu!"

"Wewe ulishaliharibu jana. Mimi natengeneza. Funga mlango."

Alitoa ngozi majini, akaanza kuikata kwa mzunguko, kutoka ukingoni kwenda katikati, kamba moja nyembamba isiyokatika. Mikono iliyoshindwa na kikombe haikushindwa na kisu. Parigol alichuchumaa, mikono yake ya hina kaikunja kifuani.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama yangu. Na mama yake alimfundisha yeye."

"Baba alisema ulikuwa mshonaji."

"Nimeshona vilevile. Suruali zake zote za utotoni nimeshona mimi, na zilikuwa mbaya." Golandam akatoboa tundu ubaoni kwa msumari wa moto, moshi ukapanda. "Sisi ni watu wa machekeche, Parigol. Tulikuwa tunapita vijijini na punda. Baba yako hapendi lijulikane, na ana sababu zake. Lakini wewe kesho unakwenda kule kule walikokuwa wanatufungulia mbwa, na ni bora ujue mguu unaokanyagia ni wa nani."

Golandam alingoja aone uso wa msichana utageuka vipi. Hapo ndipo moyo wake ulipokuwa, si kwenye kamba.

"Ndiyo maana," Parigol alisema mwishowe.

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana unga wako hauna mawe."

Bibi alitoa sauti fulani puani, nusu kicheko. "Leta mkono. Shika ncha hii. Sasa sikiliza. Kamba inapita juu, chini, juu, juu, chini. Ukikosea, chekeche linavuja. Sema kwa mdomo."

"Juu, chini, juu, juu, chini."

"Upesi kidogo. Na ile ya pili iwe nzito."

"Juu, *chini*, juu, juu, chini..." Parigol alikatiza. Macho yakamtoka. "Bibi! Huu ni ule wimbo wa kiganja cha kwanza."

"Ulidhani Shirin-Tala alikwenda shule ya muziki?" Golandam aliivuta kamba mpaka ikalia. "Alisuka. Wimbo wa kumtoa bibi harusi mlangoni ni msuko wa mpakani mwa duara, huu hapa, tazama. Wimbo wa kumwingiza ni msuko wa katikati. Zile simu zenu, kule mtalazimishwa kuzifungua mzionyeshe, sivyo?"

"Yunus amesema tufute kila kitu. Picha, nyimbo, vyote."

"Basi futa. Na usuke."

Wakasuka. Parigol alifuta wimbo mmoja simuni, akausuka, akauimba kwa pumzi, akafuta mwingine. Maneno aliyoyaona hayana maana aliyauliza, na bibi akamjibu huku akikaza mafundo. Sandali ni ile meza ya makaa ambayo familia nzima hulala miguu ikiwa chini yake wakati wa baridi. Utaiona. Zeri ni chini, kwa lafudhi yetu, si hiyo ya kwenu ya dukani. Utaisikia.

Walikuwa wamebakiza pembe ndogo mlango uliposukumwa. Hajiani Monira aliingia na furushi la nguo za bibi harusi kichwani, na nyuma yake Nasim akimsaidia na sanduku.

Nasim aliona. Hakuhitaji kuuliza kile ni kitu gani. Rangi ilimtoka usoni kama lipu mbichi. Ilikuwa miaka mingi tangu aone mikono ya mama yake ikifanya kazi ile, na sasa aliiona mbele ya mtu yule yule aliyemficha jambo hilo.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Umefanya nini?"

Golandam angeweza kusema ameliokota. Angeweza kusema amenunua kwa mpita njia. Aliiweka kamba chini.

"Nimelisuka chekeche, mwanangu. Lile dufu. Halitakulia mgongoni mpakani wala hutapigwa. Wakifungua mzigo watakuta chombo cha masikini cha kuchekechea ngano." Kisha akamgeukia Hajiani. "Na nimelisuka vizuri kwa kuwa ni kazi ya kwetu. Mwanangu alikudanganya ili binti yake aheshimiwe. Lawama nibebeshe mimi."

Hajiani Monira alitua furushi. Jogoo wa jirani tu ndiye aliyekuwa na la kusema. Parigol aliushika upindo wa gauni la bibi yake.

"Watu wa machekeche," Hajiani alisema. "Walikuwa wanakuja kwetu kila mavuno. Mama yangu aliwawekea kikombe chao peke yake, kilichovunjika mkono. Hakuna mwingine aliyekinywea." Alimtazama Golandam toka utosini hadi kwenye mapaja yenye vumbi la bluu. "Nami jana nikasema lile neno mbele ya watu."

"Ulisema."

"Na ukanyamaza, ukapiga sinia."

"Nilikuwa na bibi harusi wa kumpaka hina."

Nasim alifungua mdomo, Hajiani akamzuia kwa kiganja. Akainama, magoti yakalia, akalichukua chekeche. Akalipiga kofi, akalizungusha, akalinusa. Akalitikisa karibu na sikio.

"Halifai," alisema.

Golandam alinyoosha mkono alichukue.

"Limeng'aa mno. Mbao imekwanguliwa leo, mafundo ni ya leo hii. Hata mtoto atauliza chekeche gani jipya hivi linabebwa na watu waliofukuzwa wanaoacha hata makabati yao? Wale wa mpakani si wajinga. Kwao pia kuna wanaopiga madufu, ndugu zao wenyewe." Akaketi chini, hapo hapo mavumbini, na gauni lake la Hajiani. "Parigol, nenda kwangu, kuna gunia la ngano nililokuwa namwachia mpangaji. Leta. Leta na majani ya chai yaliyotumika. Nasim, usisimame kama mlingoti, kawashe moto."

"Hajiani..." Nasim alianza.

"Mwanangu ameshaoa, mahari imeshaliwa, basi linaondoka alfajiri. Habari za ukoo tutazizungumza tukiwa hai upande wa pili. Nitakuwa nazo nyingi, usidhani zimekwisha."

Mchana ule mama wakwe hao wawili walichekecha ngano uani, kwa zamu, mpaka vumbi likaingia kwenye kila fundo. Walipaka majani ya chai juu ya mbao iliyokwanguliwa, wakaifukiza moshi. Hajiani alilisugua chekeche kwenye sakafu ya saruji kama anayemuosha mtoto mtukutu. Walibishana muda wote. Huyu alisema ngano huchekechwa kuelekea kulia, yule akasema huko ndiko wanakochekechea watu wa vichaka. Hata hivyo chai ilipoletwa vilikuja vikombe viwili vya aina moja, na Hajiani alichukua kile kilichopasuka mdomo bila kukitazama, au alikitazama.

Zikabaki pete za chuma, zile zilizokuwa zikining'inia ndani ya dufu na kulia kama mvua. Torfa ndiye aliyezipatia kazi. Alizishonea juu ya pazia la mlango, akalikunja pazia na pete zake, akalitia kati ya mito.

"Mkaguzi akilifunua atajua kuwa kwetu tulikuwa na mlango," alisema.

Alfajiri mtaa ulikuwa umejaa mafurushi. Basi lilisimama mbali, mwisho wa barabara, injini ikinguruma, na watu walivuta vitu vyao huku wakitazama nyuma. Mastura alimshika mama yake kiwiko. Nasim alifunga mzigo wa vyombo, sufuria, beseni, kinu, na alipolifikia chekeche alilishika muda. Akapitisha kidole gumba juu ya msuko, kama anavyokagua ukuta uliokauka.

"Ulikuwa ukinituma niloweke ngozi," alimwambia mama yake. "Nilikuwa nanuka. Watoto walinikimbia."

"Najua, mwanangu."

"Nikiulizwa, niseme ni la nani?"

"Sema ni la mama yako. Hutakuwa umedanganya."

Akataka kulisokomeza chini ya magodoro. Golandam akamzuia.

"Usilifiche. Liweke juu kabisa, pamoja na beseni. Waone tangu mbali."

Nasim aliliweka juu, akalifunga kwa kamba pamoja na beseni. Hakuna aliyejua kama litavuka. Yule wa mpakani angeweza kuwa mtoto wa mpiga dufu. Angeweza kulipapasa duara akakuta vitundu vya pete. Golandam alivijua vile vitundu, alikuwa amevijaza nta na vumbi, na bado usiku kucha vilimkaa machoni.

Hajiani Monira tayari alikuwa ndani ya basi akigombania dirisha. Parigol alibaki wa mwisho, na abaya nyeusi mpya, uso mdogo ndani yake. Alijitupa kifuani mwa bibi yake.

"Bibi jan, nikisahau je? Pale kati, wimbo wa kumwingiza, kuna mahali huwa napotea."

"Ukipotea tazama msuko. Upo pale, unakusubiri."

"Na wakilichukua?"

Golandam aliikamata mikono yake, hina bado mbichi yenye rangi ya chungwa, akaigeuza viganja juu.

"Wakilichukua utakuwa na hii. Sasa nisikilize, wanapiga honi. Kaeni kwanza. Mpate nyumba, mpate ukuta wenye masikio machache. Mbuzi akichinjwa, omba ngozi ya jike, changa, isiyo na kovu, mwambie mwenye mbuzi unataka kutengeneza chekeche. Iloweke, inyoe, uitie chumvi. Kata huo msuko wote, usiuonee huruma, umeshafanya kazi yake. Wamba ngozi mpya ikiwa mbichi, uikazie kivulini, kivulini, Parigol, si juani. Toa pete kwenye pazia la mama yako, uzirudishe mahali pake. Kisha liweke juu ya makaa. Makaa, si gesi."

"Makaa," Parigol alisema, akicheka na kulia.

"Na maua ya bluu uyachore tena. Mimi niliyakwangua, sitaki nibaki na deni hilo kwa mama yangu. Halafu yule mjukuu wa dada yangu, aliyeolewa kwa vidole viwili viwili, amezaa binti. Usingoje akue. Mkae chini, mfunge mlango, umpigie."